Nilimpeleka mama kwenye nyumba ya Karen Blixen, Nairobi

Mama yangu amelima kahawa Kibosho, Kilimanjaro, tangu akiwa binti. Alipokuja Nairobi mwezi wa saba kunisalimia, sikuona sababu ya kumzungusha mjini kutazama maghorofa. Nilimpeleka mtaa wa Karen, kwenye nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi kutoka Denmark aliyelima kahawa karibu na vilima vya Ngong hadi ikamshinda. Mimi nilishakwenda mara mbili. Safari hii nilitaka kuiona kwa macho ya mkulima.

Dereva wa teksi alitushusha kwenye geti lisilo lenyewe akaondoka, tukatembea karibu nusu saa na magoti ya mama hayamruhusu. Hakikisheni mmeona kibao cha makumbusho kabla ya kumlipa mtu. Bebeni pia kitambulisho au pasipoti, kwa sababu kiingilio hutegemea uraia wako.

Nyumba yenyewe haina ghorofa, jambo lililomfurahisha mama. Kuta ni za mawe ya kijivu, paa la vigae vyekundu, baraza pana, na mbele majani yaliyokatwa vizuri. Ukigeuza macho unaona vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen na mumewe Bror waliinunua 1917, na Karen akaishi humo mpaka 1931. Mwongozaji wetu, kijana mpole aliyemwita mama "Mama" tangu mlangoni mpaka mwisho, alisema iliitwa Mbogani, maana yake nyumba ya msituni. Sikio langu lilisikia mbogo, nyati, na mama akasikia mboga. Tulilijadili hilo hadi chumba cha kulia.

Vyumbani kuna vitanda, makabati ya vitabu, taa na meza. Kuna taa ambayo Karen alikuwa akiitundika nje ili rafiki yake, Denys Finch Hatton, ajue kwamba yuko nyumbani. Finch Hatton alikufa kwa ajali ya ndege karibu na Voi mwaka 1931, akazikwa huko juu ya vilima vya Ngong. Kilichonigusa zaidi ni samani. Alipofilisika Karen aliziuza, nyingine zikanunuliwa na Lady McMillan, yule ambaye maktaba ya McMillan pale mjini ina jina la mumewe. Baadhi zimerudishwa humo. Ila muulizeni mwongozaji kipi ni cha Karen na kipi kilitumika kwenye Out of Africa, filamu ya 1985 kuhusu maisha yake hapo, maana vyote vimewekwa pamoja na ukitembea peke yako utachanganya.

Mama alivipita vyumba vyote hivyo kwa adabu, mikono nyuma. Alichangamka tulipotoka nje na kuufikia mtambo wa zamani wa kukaushia kahawa, uliokula kutu chini ya miti. Alipitisha kiganja kwenye chuma, akazunguka mara moja, kisha akamuuliza kijana, "Hapa mibuni ilikuwa eka ngapi?"

"Kama mia sita, Mama."

"Na kivuli? Migomba ilikuwa wapi?"

Kijana alitabasamu, akasema hapakuwa na migomba. Kwetu kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, bila mgomba si kihamba. Mgomba unaizuilia kahawa jua na upepo, na majani yake yanalinda udongo. Eka 600 za kahawa tupu, mahali penye upepo na mvua za kusuasua! Nimesoma sababu za kuanguka kwa lile shamba: lilikuwa kwenye mwinuko uliozidi kidogo kwa kahawa, udongo haukufaa, ukame ukaja, kiwanda kikaungua, na mwishowe bei ikaporomoka duniani. Lakini sikuwahi kuliwazia hilo la migomba hadi mama aliposimama pale.

Akauliza nani waliokuwa wakichuma. Kijana akatueleza habari za Wakikuyu walioishi ndani ya shamba kama maskwota. Kwa sheria ya wakoloni, ili waachwe wajenge na walime humo, walidaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka.

"Nusu mwaka," mama akasema. "Na mahindi yao wakipalilia lini?"

Hakuna aliyemjibu. Tulisimama pale kwa muda.

Ni haki pia kusema kwamba Karen alipokuwa anaondoka, shamba likiwa limeshauzwa, alihangaika kwenye ofisi za serikali ili watu wale wapewe ardhi ya kukaa pamoja, wasitawanywe. Wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Mama alilikubali hilo kwa kichwa tu.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa jikoni, na nawasihi msilipite haraka. Kuna jiko la chuma la kuni la aina ya Dover, na sufuria za wakati huo. Hapa ndipo alipofanya kazi Kamante Gatura, aliyefika kwa Karen akiwa mtoto mwenye vidonda vibaya miguuni, akatibiwa hospitali ya misheni, akarudi na kuwa mpishi ambaye wageni wa nyumba ile walimsifu. Mama alifungua kimlango cha tanuri, akachungulia, akakifunga taratibu kama mtu anayejua moto ulipokuwa.

Serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru mwaka 1964. Kikawekwa chuo cha lishe, na makumbusho yakafunguliwa 1986. Tengeni saa mbili angalau, nendeni asubuhi, na kama ni mwezi wa saba vaeni sweta, baridi ya Karen si mchezo. Na kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kushika jembe, nendeni naye, hata kama mmeshawahi kufika. Mwongozaji anajua tarehe zote, ila maswali ya mama yangu yalimfanya atoe daftari mfukoni na kuandika.

Tulipofika getini mama alisimama, akaomba turudi mara moja jikoni. Tukarudi.