Dracula ya Northern Ballet pale Njiro: shoo nyota nne, ukumbi mbili na nusu

Jamani kama ulishawahi kufungua baleti kwenye simu ukaona wadada wenye visketi vya kusimama wanazunguka weee nusu saa nzima na hujui nani kamkosea nani, ukafunga ukaendelea na mambo yako, mimi sikulaumu hata kidogo. Ila hawa Northern Ballet wa Leeds, Uingereza, wape nafasi, hawa ni watu wa stori. Nimewaona juzi kwenye projekta hapahapa Chuga (Arusha), kwenye mgahawa mmoja maeneo ya Njiro (jina naliacha, sababu utaziona huko chini), kiingilio elfu kumi na chai ya tangawizi imo humohumo.

Walituwekea Dracula, stori ya kitabu cha Bram Stoker kuhusu mfu anayenyonya damu za watu, ile rekodi ya 2019 ambayo ilirushwa laivu kwenye majumba ya sinema usiku wa Halloween kutoka Leeds Playhouse. Aliyeitunga ni David Nixon, ndo alikuwa mkurugenzi wao wa sanaa kuanzia 2001 mpaka 2021, na kabla ya hapo alikuwa anaongoza kundi lingine la mikoani, BalletMet la kule Ohio, Marekani, na hii Dracula kaianzia hukohuko. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu ukitaja baleti akili inaenda Moscow, Paris, London, basi, kumbe kuna makundi kibao ya mikoani yanalipa wachezaji mshahara, yana mafundi wao wa nguo na mapambo, na kazi yao kubwa ni kupakia vitu kwenye malori na kuzunguka mji hadi mji. Northern wenyewe walianzia Manchester mwaka 1969, Leeds wamehamia 1996, na mpaka leo wanazunguka, mara Sheffield, mara Nottingham, mara Norwich. Sasa ukicheza kwa watu wa kila aina namna hiyo huwezi kujificha nyuma ya ufundi wa miguu, mtu katoka kazini kachoka anataka aelewe.

Na kweli unaelewa. Dracula anaanza mzee kabisa, kakauka, anatoka kwenye jeneza mwili wote umepinda, halafu akishapata damu anarudi kijana, na hapo anaingia Javier Torres, huyu jamaa ni Mkuba, mrefu, mabega yale, yaani anasimama tu bila kufanya kitu na wewe huku unajishika shingo. Lile joho lake peke yake lilistahili mshahara. Akilizungusha linajaa nusu ya jukwaa halafu linamfuata kama lina akili zake. Kuna mama mmoja wa makamo alikuwa amekaa nyuma yangu na mabinti zake, akasema kwa sauti, "Eeh, si popobawa huyu!", ukumbi mzima tukacheka, hata yule kaka wa jikoni alitoka kuangalia. Ila ilipofika dansi ya Dracula na Harker, kijana mwanasheria aliyemfuata kikazi, kule kwenye kasri, wanaume wawili, mmoja anawinda mwingine hajui kama akimbie au abaki, hakuna aliyecheka tena. Hakuna maneno, hakuna maandishi chini ya skrini, na bado unajua kabisa nani mwenye nguvu na nani ameshakwisha. Binti mdogo wa yule mama alikuwa anamuelezea mama yake stori kwa kunong'ona na kila alichosema kilikuwa sahihi, na hajawahi kusoma kile kitabu mimi nakuhakikishia.

Mina, mchumba wa Harker (anachezwa na Abigail Prudames), ndo alinimaliza. Lucy, rafiki yake, ni wa vurugu, anacheza kama mtu aliyelewa, inapendeza, ila Mina anajizuia, unaona mkono unataka kwenda na mwili unakataa, na hiyo ni ngumu kuliko kuzunguka mara ishirini. Kilichonichosha kidogo ni zile sehemu za kundi zima, za watu wa mjini kwenye mapati yao, ni nzuri lakini ndefu, pale ungeweza kwenda chooni ukarudi hujakosa kitu. Renfield, yule mgonjwa kule kwenye hospitali ya vichaa, nilitamani aongezewe muda.

Huo uigizaji una historia yake. Kuanzia 1987 mpaka alipofariki 1998 kundi liliongozwa na Christopher Gable, ambaye alikuwa dansa wa Royal Ballet, lile kundi kubwa la London, akaacha akaingia kwenye sinema, sasa mtu wa hivyo akishika kundi lazima wachezaji wajifunze kutumia uso na macho, sio vidole vya miguu peke yake. Nixon kapokea na kuendeleza. Na Dracula ni stori ya kwao pia, kwenye kitabu cha Stoker meli yake inaishia Whitby, ambayo ni Yorkshire hukohuko iliko Leeds, kwa hiyo wanacheza jini la nyumbani, ndo maana hawana aibu nalo.

Kuhusu muziki. Umeunganishwa kutoka kwa watunzi tofauti, yumo Rachmaninov, yumo Arvo Pärt, na hauonyeshi mishono. Hapa nina dukuduku langu, maana hawa jamaa walitangaza kwamba ziara yao ya Romeo na Juliet ya 2024 baadhi ya miji watacheza na muziki uliorekodiwa, bila okestra, sababu gharama zimepanda na ruzuku haitoshi, na wanamuziki kupitia chama chao wakapinga sana. Sisi tunaolijua vizuri suala la pleibeki hatuhitaji kuelezwa, umelipa kiingilio chako, msanii anapanda na sidii, anachezesha mdomo, unarudi nyumbani umenuna. Kwenye baleti naona ni mbaya zaidi, kwa sababu kondakta, yule anayeongoza wapigaji wa okestra, anamwangalia mchezaji, akiona leo mguu umekaa hewani kidogo anamsubiri, sidii haimsubiri mtu. Na kinachouma ni kwamba ni Romeo hiyohiyo ambayo mapambo na mavazi yake yaliharibiwa na mafuriko ya Leeds siku moja baada ya Krismasi 2015, ikabidi wafanye kazi kubwa kuifufua, halafu inarudi jukwaani nusu haina wapigaji. Pesa sijui mahesabu yao, sibishani, ila kama ni mimi ningepunguza miji.

Haya ukumbi sasa. Projekta nzuri, picha imekaa, hilo nawapongeza. Spika wameweka moja pembeni, sabufa ya muziki wa baa, kwa hiyo zile sehemu za violini ya chini chini hazisikiki na ngoma zikipiga glasi zinacheza mezani. Umeme ukakatika katikati ya sehemu ya pili, jenereta wanayo lakini aliyekuwa na ufunguo ameenda Sakina, tukakaa gizani na Dracula wetu, watoto wanapiga kelele kwa raha. Mishkaki usiagize, migumu. Chapati na maharage ya nazi ziko vizuri na bei haina shida. Mhudumu dada mmoja mcheshi sana, alikuwa anauliza kila meza "mnaelewa lakini?", na akiona hamuelewi anawaelezea, nadhani ameshaiangalia zaidi yetu sote.

Wenye watoto chini ya miaka kumi wasiwapeleke kwenye hii, kuna damu na kuna mahaba. Hawahawa Northern wana baleti fupi za watoto, ya bata mwenye sura mbaya, ya nguruwe watatu, zimewahi kuonyeshwa kwenye televisheni ya watoto ya BBC, zile ndo za kuanzia, na nimeshamwambia mwenye mgahawa aweke Jumamosi mchana badala ya usiku, akasema ataangalia. Ukienda beba sweta, upande wa dirisha kunapiga baridi ya Chuga yenyewe, na bodaboda patana bei kabla hujaingia ndani, saa nne usiku pale wanajipangia wenyewe.