Miezi minane na ubao mama wa B760 katika studio ya video, Kirumba

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu hapa Kirumba, Mwanza, na kompyuta ya studio hukesha ikitoa video usiku mara tatu au nne kwa wiki. Tathmini hii inahusu ubao mama (ubao unaobeba kichakataji na vifaa vingine vya kompyuta) wa MSI PRO B760M-A WIFI DDR4, wenye chipseti ya B760, yaani chipu inayoamua ubao unaruhusu nini. Niliununua kuchukua nafasi ya ubao wa chipseti ya Z690 wa kampuni nyingine nisiyotaka kuitaja. Kichakataji hakikubadilika, ni kilekile cha Intel Core i5-12600K, wala sikubadilisha RAM na pawasaplai. Kwa hiyo tofauti ninazozieleza ni za ubao na jinsi ulivyopangwa.

Chipseti ya Z humruhusu mwenye kichakataji chenye herufi K kukiongeza kasi kupita kipimo cha kiwandani, jambo ambalo vijana wa mjini huliita kuovakloki. Kwenye ubao ule wa Z690 fundi alinipandishia viini sita vikubwa vya kichakataji hadi gigahezi 5.0, akaongeza volti hadi 1.35, nikafurahi kwa wiki tatu. Kisha ikaja alasiri moja ya Oktoba, chumba kimeiva kwa joto, video ikaganda ikiwa imefika asilimia 87. Nilipoanza upya iliganda asilimia 40. Bwana harusi alikuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, akachungulia na kusema, “Kaka, si uliniambia saa kumi?” Nilimwambia anivumilie kidogo, shemeji, naye alinivumilia hadi saa tatu usiku, nilipokwisha kurudisha kila kitu kwenye kipimo cha kiwandani.

Usiku huo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzoni. Joto la kichakataji huongezeka kwa kadiri ya kasi, lakini kwa volti huongezeka kwa kipeo cha pili. Kutoka gigahezi 4.5, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya viini vyote vikubwa vikifanya kazi pamoja, hadi 5.0 ni nyongeza ya asilimia 11. Kutoka volti 1.20 hadi 1.35, ukizidisha na kasi hiyo, ni kama asilimia 40 zaidi ya umeme unaogeuka joto. Faida yake kwangu ilikuwa kutoa sherehe ya saa mbili kwa dakika 51 badala ya 56. Dakika tano hizo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

Ubao wa B760 hauruhusu kupandisha kasi ya kichakataji kwa mkono, ingawa kiini kimoja kimoja bado hufika gigahezi 4.9 chenyewe kazi inapokuwa nyepesi. Nilichokitazama dukani kabla ya bei ni saketi inayoshusha volti 12 za pawasaplai kuwa volti moja na kitu inayokifaa kichakataji, na kama saketi hiyo imefunikwa vipande vya alumini vya kupozea. Hapa imefunikwa. Mbao nyingi za bei ya chini huiacha wazi, na kwa mashine inayokesha mimi sichukui ubao wa namna hiyo hata kwa punguzo.

Hata hivyo, utulivu hauji wenyewe kwa sababu umenunua chipseti ya B. Ukiwasha ubao huu mara ya kwanza, BIOS, yaani programu ya ubao wenyewe inayoanza kabla ya Windows, hukuuliza aina ya kipoza ulichofunga, na ukichagua cha maji, kikomo cha umeme huwekwa wati 4096, maana yake hakuna kikomo. Mimi niliandika kwa mkono wati 125 na 150, viwango vya Intel kwa kichakataji hiki. Wenye vichakataji vya Intel vya vizazi vya 13 na 14 wana sababu zaidi ya kuwa waangalifu, kwa kuwa mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti iliyozidi ilikuwa ikiharibu baadhi yavyo, ikatoa marekebisho yanayopatikana kwa kusasisha BIOS. RAM nayo niliiacha kwenye kasi ya 3200. Kuwasha XMP (mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi kubwa zaidi) ya 3600 ni kuovakloki vilevile, ila watu hawaiiti hivyo.

Kuhusu mazingira yetu, ubao wowote utahitaji UPS, maana umeme ukirudi kwa kishindo hautazami chipseti. Na anayefanya kazi usiku karibu na ziwa afunge chujio mbele ya feni: wadudu wa ziwani hufuata taa, na nilipofungua kasha la zamani niliwakuta wamekauka katikati ya mapezi ya kipoza kama ukoko wa ugali.

Tangu niufunge, miezi minane sasa, haujaganda hata mara moja. Ningependa nafasi ya tatu ya M.2, yaani ya kuchomekea diski ya SSD, kwani mbili hujaa haraka kwa kazi ya video. Tofauti ya bei na Z ilinitosha kununua UPS.

Ubao wa zamani nilimuuzia kijana wa Nyegezi anayecheza michezo ya kompyuta. Ameurudisha kwenye gigahezi 5.0, na anasema ukiganda huuzima, akauwasha, akaendelea na mchezo.