Tathmini ya Nambari 089: Simu ya Serikali ya Sheinbaum Dhidi ya Watozaji wa Magenge

Claudia Sheinbaum alipoapishwa kuwa Rais wa Mexico tarehe 1 Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, alirithi vita dhidi ya magenge ya dawa za kulevya vilivyoanza Desemba 2006, pale Felipe Calderón, rais wa wakati huo, alipopeleka maelfu ya wanajeshi katika jimbo la Michoacán. Wanaouliza kama ataweza kuvimaliza huhesabu vigogo waliokamatwa, shehena zilizonaswa na wafungwa waliokabidhiwa Marekani. Mimi nimeona ni haki zaidi kuipima huduma moja ya serikali yake ambayo mwananchi anaweza kuifikia akiwa dukani au shambani mwake, nayo ni nambari ya simu 089, ambayo tangu Julai 2025 imekuwa mlango mkuu wa kuripoti utozaji wa pesa kwa vitisho nchini kote.

Nimeichagua huduma hii kwa sababu magenge ya Mexico yaliacha zamani kuishi kwa kokeini na fentanili pekee. Yamejifanya serikali ndani ya serikali, yanatoza wanachokiita Wamexico «cobro de piso», yaani malipo ya kuruhusiwa kufanya kazi mahali ulipo, na anayekataa huchomewa gari, hupigwa risasi au hutoweka. Katika bonde la Apatzingán, jimboni Michoacán, wakulima wa ndimu wametozwa kwa kila kilo wanayovuna, hata Agosti 2024 viwanda vya kufungashia ndimu vikafunga milango. Huko Chilpancingo, mji mkuu wa Guerrero, wauza kuku waliuawa mwaka 2022 mpaka kuku wakaadimika sokoni. Na mwezi Desemba 2023, katika kijiji kimoja cha Texcaltitlán, kwenye jimbo linaloitwa Jimbo la Mexico, wakulima waliochoshwa na madai hayo waliwakabili watozaji kwa mapanga na bunduki za kuwindia, wakafa watu 14 kutoka pande zote mbili. Kwa watu hawa, vita vitakwisha siku watakapoweza kumkatalia mtozaji na wakaamka salama kesho yake.

Nambari yenyewe si ngeni, kwani ilikuwapo kwa miaka mingi kwa ajili ya taarifa za siri. Jipya ni mpango uliowekwa nyuma yake, uliotangazwa na Waziri wa Usalama Omar García Harfuch na kuanza kwa nguvu katika majimbo manane yenye malalamiko mengi zaidi, yakiwamo Jimbo la Mexico, Guanajuato, Guerrero na Michoacán. Mpigaji halazimiki kutaja jina. Mpokeaji wa simu anatakiwa awe amefundishwa kumtuliza mtu aliyetaharuki na kumwongoza katika mazungumzo na anayemtisha, badala ya kuandika malalamiko tu na kuyaweka kabatini. Baada ya hapo taarifa inapaswa kufika kwenye vikosi maalumu vya kupambana na utozaji katika jimbo husika, huku kitengo cha upelelezi wa fedha kikizuia akaunti zinazopokelea pesa hizo. Ukiusoma mpango huo kwa utulivu, utakubali kwamba aliyeuandika anaujua uhalifu anaoupiga vita, na sishangai, kwa kuwa García Harfuch mwenyewe alinusurika shambulio la risasi katika Jiji la Mexico mwezi Juni 2020, alipokuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo chini ya Sheinbaum, aliyekuwa wakati huo kiongozi wa serikali ya jiji.

Kuna aina moja ya kosa ambayo huduma hii inaimudu vizuri, nayo ni utozaji wa kwa simu. Mtu anapigiwa na sauti asiyoijua, mara nyingi kutoka ndani ya gereza, anaambiwa mwanawe ametekwa au kwamba genge fulani limekwisha kulizingira duka lake, naye kwa hofu anatuma pesa kabla ya kuhakikisha lolote. Ushauri wa 089 kwa mtu huyo ni mfupi na sahihi: kata simu, usitoe habari zako, kisha ripoti. Mpokeaji aliyefundishwa anaweza kumwokoa mtu asipoteze akiba yake ndani ya dakika chache, na nambari ya tapeli ikafuatiliwa. Hapa ninaisifu bila kusita, maana kazi hii haihitaji askari hata mmoja kufika mlangoni.

Mambo hubadilika mtozaji anapokuja kwa miguu yake. Huyo anaijua nyumba yako, anaijua shule ya watoto wako, na mara nyingine anamjua askari wa manispaa kuliko unavyomjua wewe. Uchunguzi wa kila mwaka wa taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, INEGI, umekuwa ukionyesha kwamba zaidi ya makosa tisa katika kila kumi ama hayaripotiwi ama hayafunguliwi jalada, na utozaji ni miongoni mwa yale yanayofichwa zaidi. Watu hawanyamazi kwa ujinga. Genaro García Luna, aliyekuwa waziri wa usalama wa Calderón na uso wa vita hivyo vilipoanza, alitiwa hatiani New York mwaka 2023 kwa kupokea rushwa za genge la Sinaloa, na Oktoba 2024 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 38. Mwananchi aliyeshuhudia hayo ana haki ya kujiuliza ni nani anayesikiliza upande wa pili wa simu, na hakuna mafunzo ya upole wa sauti yanayoweza kuiondoa shaka hiyo.

Kutotaja jina nako kuna gharama yake. Kunamlinda mpigaji, lakini taarifa isiyo na shahidi huishia kuwa fununu ikiwa hakuna mpelelezi wa kuifanyia kazi, na hapo ndipo penye upungufu mkubwa. Tangu mwaka 2019 Mexico imewekeza katika Kikosi cha Walinzi wa Taifa, ambacho mwaka 2024 kiliwekwa rasmi chini ya wizara ya ulinzi, ilhali ofisi za waendesha mashtaka wa majimbo na polisi wa manispaa vimeachwa vikidhoofika. Sheria mpya ya jumla dhidi ya utozaji, iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2025, inaruhusu dola kushtaki bila kumsubiri mwathirika alalamike, na inaweka kipimo kimoja pale ambapo kila jimbo lilikuwa na chake. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, lakini sheria hiyo haijitekelezi. Inahitaji mtu wa kuandaa ushahidi utakaosimama mahakamani.

Serikali inasema mauaji yalipungua kwa takribani theluthi moja katika mwaka wa kwanza wa Sheinbaum, na hata anayetilia shaka hesabu hizo akikumbuka orodha ya waliotoweka iliyopita watu 130,000 atakubali kwamba upelelezi umepewa nafasi ambayo Andrés Manuel López Obrador, rais aliyemtangulia, hakuupa. Huo ndio msingi wa matumaini yangu kwa rais huyu. Hofu yangu inatoka Michoacán. Mwezi Oktoba 2025 aliuawa Bernardo Bravo, kiongozi wa wakulima wa ndimu wa Apatzingán, ambaye alikuwa akiupinga utozaji hadharani. Na tarehe 1 Novemba, siku ya kuwakumbuka wafu, akauawa kwa risasi katika uwanja wa katikati ya mji meya wa Uruapan, mji wa jimbo hilohilo, Carlos Manzo, ingawa alikuwa na Walinzi wa Taifa waliopewa kazi ya kumlinda. Baada ya hapo rais alitangaza mpango maalumu wa Michoacán na kuongeza wanajeshi, dawa ileile iliyotolewa jimboni humo mwaka 2006.

Kwa hiyo nikipigiwa simu na sauti nisiyoijua nitaitumia 089 leo hii, na mfanyabiashara wa mjini mwenye kupokea vitisho kwa ujumbe namshauri afanye hivyo kabla hajalipa senti. Kwa mkulima wa Apatzingán anayefuatwa getini kila Ijumaa, nitamshauri aripoti akiwa mbali na nyumbani na bila kutaja jina, na asiache njia yake ya siku zote ya kujilinda kwa kuamini kwamba kuna gari lililotumwa kumlinda, mpaka jimbo lake litakapokuwa na mwendesha mashtaka aliyewafikisha watozaji wa ndimu mbele ya hakimu na kuwaona wakifungwa.