Fremu ya jina "Mungo" kutoka duka la zawadi hapa Glasgow, nyota 3 kati ya 5

Jirani zetu wamepata mtoto wa kiume wakamwita Mungo. Nilivyompigia mama simu kumwambia akashtuka, "wamemwita mtoto Mungu??" nikamwambia hapana mama, mwishoni ni o, basi nikaona ngoja nitafute zawadi yenye maana ya jina lenyewe, nikaagiza fremu mtandaoni.

Kazi yao nzuri kwakweli. Mbao nzito, karatasi safi, wamechora ndege, mti, kengele na samaki, zile alama za nembo ya jiji la Glasgow, zote zinatoka kwenye visa vya Mtakatifu Mungo, mtakatifu mlinzi wa jiji hili. Samaki wamemuweka na pete mdomoni kabisa, maana inasimuliwa malkia aligawa pete aliyopewa na mumewe, mfalme akaipata akaitupa mto Clyde halafu akamdai mkewe ailete la sivyo anakufa, Mungo akatuma mtu kuvua na samaki wa kwanza kupasuliwa, pete imo.

Sasa maandishi! Wameandika "jina la Kigaeli", ile lugha ya jadi ya Uskoti. Jamani sio. Jina rasmi la huyo mtakatifu ni Kentigern, hili la Mungo ni la kubembeleza, wanasema alipewa na mlezi wake Mtakatifu Serf kule Culross, na linafasiriwa "mpendwa wangu", kama sie tunavyomwita mtoto Kipenzi mpaka jina la cheti linasahaulika. Na asili yake ni lugha ya watu wa Strathclyde, ufalme wa zamani wa huku Glasgow, wa karne ya 6, ndugu wa Kiwelsh, imekufa zamani sana, Kigaeli kiliingia huku baadaye. Lugha nzima imeondoka halafu hata kijina kimoja kilichobaki nacho unampa mwingine? Mimi iliniuma, bibi yangu alikuwa anaongea lugha ambayo wajukuu hatuijui, tumebaki na jina lake tu.

Nikawaandikia, kesho yake wakajibu kwa adabu na wakachapa upya bure, ila ikachukua wiki 2 na mimi nilitaka iwahi tarehe 13 Januari, sikukuu yake mtakatifu, haikuwahi. Ndo nyota 2 zilipokwenda.

Ukiagiza kwao omba wakutumie picha ya maandishi kabla hawajachapa. Na kama uko Glasgow nenda kanisa kuu, kaburi la Mungo liko kule chini, kuingia ni bure.