Machanuo ya Mpingo na Kidani cha "Mwaka 1780"

Duka hili limo katika kichochoro kitokacho Ndia Kuu, si mbali na Ngome ya Yesu, Mombasa, na jina la duka silitaji kwa kuwa nina lawama nalo. Nimeingia humo mara tatu, na mara zote kilichonivuta ni kabati la machanuo.

Nililonunua ni la mpingo, lenye meno saba yaliyochongwa katika kipande kimoja cha mti, wala hakuna jino lililogundishwa. Ncha zake zimepigwa msasa mpaka zikawa butu, na usiku ule nilipomchania binti yangu, mwenye nywele nzito za kipilipili na ambaye huanza kulia akiliona tu chanuo la plastiki, alitulia mpaka nikamaliza kumsuka. Mpingo hujulikana kwa uzito wake mkononi. Humo pia mna machanuo ya mwarobaini yaliyopakwa rangi ya viatu, ambayo ukiyapangusa kwa kitambaa cheupe chenye maji huacha weusi. Kwa hili mwenye duka namsifu, kwani aliniambia kabla sijauliza, na bei yake ni nusu.

Kando yake lipo chanuo la Waasante wa Ghana, lenye mpini uliochongwa kichwa cha mwanamke. Wao huliita duafe. Mwanamume humpa mwanamke zawadi ya chanuo la namna hiyo, na umbo lake limo katika alama za adinkra zinazopigwa chapa kwenye vitambaa, likiwa ishara ya urembo na unadhifu wa mwanamke. Kitu chenye maana kubwa namna hiyo kimelazwa katikati ya shanga, chini ya kikaratasi kilichoandikwa "Kimaasai", jambo ambalo ni dhuluma kwa Waasante na kwa Wamaasai wenyewe.

Vipini vya pua na vikuku ni vya kawaida. Mafurungu ya fedha, ya kuvaa miguuni, ni mazuri, mazito, na msumari wa kufungia unaingia barabara.

Lawama yangu kubwa ni kidani cha Omani chenye sarafu ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Kikaratasi chake kinasema ni "cha mwaka 1780", na bei imepandishwa kwa hoja hiyo. Lakini sarafu hizo ziliendelea kupigwa baada ya kifo chake, karne baada ya karne, zote zikibeba mwaka huo huo, na masonara wa Uarabuni walizitumia sana katika mapambo, nyingine wakiziyeyusha. Nilipomweleza hayo kijana wa dukani, alinijibu, "Mama, si mwaka wenyewe huo umeandikwa?"

Machanuo kanunue bila wasiwasi. Kidani hicho usikilipie mpaka sonara unayemwamini akitazame, nami nimemwomba kijana yule abadilishe vikaratasi vyote viwili.