MGB ya 1971 kwenye gereji ya nyumbani: uzoefu wangu

Kwa mtu anayetaka kufufua gari la zamani kwa mikono yake, nyumbani, bila kuwa fundi wa kusomea, sioni gari linaloizidi MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza la kampuni ya MG. Nasema hivi nikiwa nimeshalimaliza la kwangu, la mwaka 1971, lile la wazi la viti viwili na bampa za kromu. Nalitunza mwenyewe kwenye gereji finyu ubavuni mwa nyumba hapa Oxford. Kiwanda lilikotengenezwa kilikuwa Abingdon, kilomita kama 10 tu kusini mwa hapa. MGB zilianza kutoka mwaka 1962, na mwaka 1980 kiwanda kikafungwa.

Ila sifa hiyo ina sharti, na ningependa msomaji alishike kabla ya mengine yote: nunua bodi, usinunue injini. Injini ya MGB ina huruma, bodi haina. Watu wengi hulevywa na mngurumo mzuri na rangi inayong'aa, wakatoa pesa, na baada ya miezi wanagundua kwamba walichonunua ni kutu iliyopakwa rangi.

Sababu iko kwenye muundo wake. MGB haina chesisi ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Na kwa kuwa gari halina paa la bati, kinacholizuia lisipinde katikati ni maboksi mawili marefu ya bati yanayopita chini ya milango, moja kila upande. Boksi hilo ndilo sili. Lina bati la nje, la kati na la ndani, na chini yake kuna reli inayolibeba. Matope yanayorushwa na tairi la mbele hupanda ndani ya madigadi na kujaa kwenye kona ya nyuma yake, pale sili inapoanzia. Huku Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, kwa hiyo matope hayo ni ya chumvi, na hukaa na unyevu miezi mingi. Kutu huanza kula kwa ndani. Siku ukiona uvimbe mdogo kwenye rangi kwa nje, jua ndani kumeshabaki unga mwekundu.

Ukienda kuliangalia gari, beba sumaku ndogo na jeki. Sumaku ikiteleza sehemu ya chini ya madigadi bila kushika, hapo ni puti, si bati. Kisha weka jeki kwenye sehemu yake ya kunyanyulia, fungua mlango, nyanyua taratibu huku ukitazama mwanya kati ya mlango na mwili wa gari. Mwanya ukibadilika, sili hazina nguvu tena. Chungulia pia nyuma ya viti, chini ya kifuniko cha sakafu: magari ya kabla ya mwisho wa 1974 yana betri mbili za volti 6 zimefichwa humo, na vikapu vinavyozibeba huoza kabla ya mwenyewe kujua.

La kwangu lilihitaji sili zote mbili. Kuchomelea nilijifunza kwenye kozi ya jioni, na ninaamini hiyo ni ada niliyoilipa vizuri kuliko zote. Kabla ya kukata chochote nilichomelea bomba la chuma kwenye uwazi wa kila mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, ili gari lisijikunje sili zikishatoka. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Gari likipinda kidogo tu bila bomba hilo, ukachomelea sili mpya likiwa limepinda, umeligandisha hivyo milele; milango haitafunga tena sawasawa. Kila nilipogusisha bati jipya kwa alama chache za kuchomelea, niliurudisha mlango, nikaufunga, nikaupitisha kidole mwanya wote kuanzia juu hadi chini, ndipo nikaendelea.

Kwenye mabati yenyewe nina maoni makali. Kuna kampuni inaitwa British Motor Heritage, iko Witney, na tangu mwaka 1988 inatoa bodi nzima mpya za MGB zilizokandwa kwa kalibu zilezile za kiwandani. Ukitaka, unaweza kujenga MGB upya kuanzia ganda tupu, jambo ambalo kwa magari mengi ya zamani ni ndoto. Mabati yao yalikaa mahali pake bila ugomvi. Yale ya bei nafuu niliyonunua kwa muuzaji mwingine kwa upande mmoja yalikuwa mafupi na mkunjo wake ulikuwa wa kubahatisha. Nililazimika kuyakata na kuyaunga. Tofauti ya bei iliishia yote kwenye gesi na muda.

Injini, kama nilivyosema, ina huruma. Ni ya sentimita za ujazo 1798, silinda nne, ya chuma cha kalibu, nguvu ya farasi zipatazo 95. Haina kompyuta, haina sensa, na ukifungua boneti unaiona yote hadi chini. Kuseti tapeti, yaani mwanya wa valvu, kunahitaji fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya), spana na bisibisi. Uwazi ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38, injini ikiwa baridi, na mafundi wa zamani wana kanuni ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa unaseti ya 1, ya 7 ikifunguka unaseti ya 2, namba mbili zikijumlishwa kila mara zinatoa 9. Ukishaijua kanuni hiyo huna haja ya kuuliza tena.

Ninachokipenda kupita vyote ni kabureta. Ziko mbili, za aina ya SU, na aliyezibuni alikuwa na akili nyingi. Ndani ya kuba la alumini kuna pistoni inayopanda na kushuka kufuata mvuto wa hewa wa injini. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongoka, imezama kwenye tundu la petroli. Hewa ikiwa nyingi pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, tundu linapanuka na petroli inaongezeka kwa kiasi kilekile kinachotakiwa.

Jumamosi asubuhi injini ikishapata moto, nazifungua chujio za hewa na kuchukua kipande cha bomba la mpira. Ncha moja naiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Nasikiliza mvumo wake, kisha nahamia ya nyuma. Moja ikivuma nzito na nyingine nyembamba, hazivuti sawa. Nalegeza kiungo kinachoziunganisha na kugeuza skrubu ya mwendo wa taratibu kidogo kidogo mpaka sauti mbili ziwe moja. Halafu nageukia mchanganyiko. Pembeni ya kila kabureta kuna kipini kidogo. Kisukume kwenda juu mpaka pistoni inyanyuke kwa kiasi kisichofika milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikarudi, ndipo penyewe. Marekebisho hufanywa kwa nati iliyo chini ya kabureta, unaigeuza bapa moja tu, yaani ubavu mmoja wa nati, kwa wakati mmoja, unangoja, unasikiliza. Mwisho najaza oili kwenye kijibomba kilicho juu ya kuba. Oili hiyo ikiisha, gari hukwama kidogo kila unapokanyaga mafuta, na wengi hulaumu kila kitu isipokuwa hiyo oili.

Umeme ndio uliolipa gari hili jina baya, na nadhani limeonewa. Waya zake ni chache na rangi zake hazibadiliki. Matatizo mengi niliyoyakuta yalikuwa mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi: piga msasa mpaka bati ling'ae, funga upya, paka grisi, taa zinawaka. (Zilizotoka kabla ya mwisho wa 1967 zimefungwa kinyume, chanya ndiyo inayoungwa na bodi, kwa hiyo angalia kabla ya kufunga redio au chaja.) Kinachoniudhi ni spea mpya zisizo na ubora. Ile rota ndogo inayozunguka ndani ya distributa na kugawa cheche kwa plagi, zile za bei rahisi zina ribiti ya chuma katikati, na cheche hupenya pale na kuingia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Gari linazima ghafla, wala halitoi dalili. Mimi natumia rota nyekundu zisizo na ribiti, na ya akiba iko kwenye buti daima. Kondensa vilevile: nunua iliyo nzuri, na uwe na ya ziada.

Klachi ndiyo kazi nzito kuliko zote, maana kuibadilisha ni lazima injini itoke. Nilikodi winchi na kumwomba jirani aje aongoze pua ya injini isiguse rejeta. Na kwa kuwa beringi ya klachi hii ni ya kaboni, inayosuguana moja kwa moja, usikae kwenye taa nyekundu umekanyaga klachi. Rudisha gia katikati, inua mguu. Kwa tabia hiyo tu klachi itadumu miaka.

Matunzo mengine ni ya kawaida kwa anayependa kuchafua mikono. Pini za usukani mbele zina chuchu tatu za grisi kila upande, na hupigwa grisi kila baada ya kilomita 5,000 hivi, gurudumu likiwa limenyanyuliwa, kwani likibeba uzito grisi haifiki inapotakiwa. Oili ya injini ni 20W-50, ile yenye zinki ya kutosha kwa ajili ya injini za tapeti bapa. Breki za gari langu zina mfumo mmoja tu. Mpira mmoja ukipasuka umekosa breki zote nne, umebaki na ya mkono. Mipira yote nimebadilisha, na hapo sikubanana na bei hata kidogo.

Petroli nayo ina mambo yake. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huku ni E10, yaani iliyochanganywa na ethanoli, na ethanoli hiyo hulainisha mipira ya zamani ya petroli mpaka ikavuja juu ya injini ya moto. Natumia ile ya daraja la juu, E5, yenye ethanoli kidogo zaidi, na mipira yangu ni ya aina inayostahimili. Kisheria gari lililozidi miaka 40 halidaiwi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kwenda kukaguliwa kila mwaka. La kwangu nalipeleka vilevile. Nataka jicho la pili chini ya gari ambalo nimechomelea mwenyewe.

Ndugu zangu mlioko Nairobi, Mombasa, Dar au Arusha mnaofikiria kununua moja huko, mambo mawili. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara mwaka 2006, na injini hii ilitengenezwa wakati risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu; kama hedi (kile kichwa cha injini chenye valvu) haijawahi kufunguliwa, ipelekeni kwa watu wa mashine waweke viti vigumu. La pili ni joto. Kabureta zimekaa juu kabisa ya bomba la moshi, na kwenye foleni ya mchana petroli inaweza kuchemka humo ndani. Hakikisheni bati la kukinga joto kati ya kabureta na bomba la moshi lipo na bitana yake haijaanguka, safisheni rejeta mpaka ndani, na ikibidi fungeni feni ya umeme. Mkaao pwani, sili ziangalieni kwanza. Hewa ya bahari ina chumvi kama barabara zetu za baridi.