QT kwa mtu mzima: njia inafika, ila ina kona zake

Mwanamke wa miaka 35 aliyeishia darasa la saba akitamka kwamba anataka kuwa muuguzi, wengi watamwitikia kwa adabu kisha watabadilisha mazungumzo. Baada ya mara mbili tatu naye huacha kulisema. Lakini ngazi ya kwanza ya kufika huko ipo, na bei yake inajulikana. Ni Mtihani wa Maarifa, ambao mtaani kila mtu anauita QT (kifupi cha Qualifying Test), unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Hapa tunaupima kama huduma nyingine yoyote: unatoa nini, unagharimu nini, na watu wanakwamia wapi.

QT inalingana na kidato cha pili. Anayefaulu anaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, yule ambaye namba yake inaanza na P badala ya S ya wanafunzi wa shule. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba. Kwa hiyo anayeanza Januari na kupita kila hatua kwa mara ya kwanza anamaliza kwa miezi 23 kazi ambayo shuleni inachukua miaka minne. Aliyewahi kufaulu mtihani wa kidato cha pili kabla ya kuacha shule asikimbilie QT. Aulizie kwanza kituoni kama matokeo yake bado yanatambuliwa, huenda akaokoa mwaka mzima.

Ada ya Baraza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa miaka ya karibuni imekuwa Sh 30,000 kwa QT na Sh 50,000 kwa kidato cha nne kwa wanaojisajili kati ya Januari 1 na mwisho wa Februari. Ukivuka hapo unaingia kwenye adhabu ya Machi: Sh 40,000 na Sh 65,000. Mitihani yote miwili, kwa aliyewahi, ni Sh 80,000. Pesa kubwa inaishia kwingine: ada ya kituo cha masomo, nauli za jioni na vitabu visivyohitajika.

Usajili wenyewe una mpangilio ambao haurukwi. Unakwenda kituo cha mtihani unachokichagua, unapewa namba rejea, unaingia nayo kwenye tovuti ya Baraza na kujaza taarifa, unapata namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, kisha unahakikisha usajili umekamilika na unachapisha fomu yako. Hapa ndipo penye kona ya kwanza. Vituo vingi vya tuisheni hujitolea kukufanyia yote ukiwapa fedha taslimu. Wengine hufanya kwa uaminifu. Wengine huchelewesha hadi Machi na kudai adhabu ni yako, na kuna watu hugundua mwezi wa kumi kwamba jina lao halipo popote. Lipa mwenyewe kwa namba ya malipo na utunze ujumbe wa muamala. Nakala ya fomu ikae nyumbani kwako. Kwenye droo ya mwalimu haina kazi.

Halafu kuna jina. Andika jina lile lile la darasa la saba, herufi kwa herufi. Aliyeolewa akajisajili kwa jina la mume, au aliyekuwa Mwajuma akajaza Mwanajuma, atapata vyeti viwili vya watu wawili, na chuo kitamrudisha mlangoni akatafute viapo vya mahakamani.

Kabla ya kuchagua masomo, anza na kule unakotaka kufika. Muuguzi wetu anahitaji, kwa sifa za chini za stashahada, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni D, na D inaanzia alama 30. Ukiitazama hivyo, ndoto iliyokuwa inaonekana kubwa kama mlima inakuwa alama 30 katika kila moja ya masomo manne. Tusidanganyane lakini: vyuo vya serikali vina foleni, na mwenye D tupu husukumwa nyuma na wenye C na B. Anayetaka kidato cha tano yeye anatafuta C tatu, yaani 45 kwenda juu, tena ziangukie kwenye tahasusi inayoeleweka, yaani kundi la masomo yanayosomwa pamoja.

Madaraja hupangwa kwa masomo saba bora, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5: pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, 34 na 35 ni ziro. Mtu mzima anayebeba masomo tisa au kumi kwa kuogopa kukosa akiba anajiongezea mzigo tu. Saba yanatosha.

Tupige hesabu ya muda, maana wengi hawaipigi. Januari hadi mwanzo wa Novemba ni kama wiki 40 za kusoma. Mwenye kibanda au kazi ya kuajiriwa akijitahidi anapata saa 10 kwa wiki: saa mbili jioni kwa siku tatu na saa nne Jumamosi. Hizo ni saa 400 kwa mwaka. Ukizigawa sawasawa kwa masomo saba, kila somo linapata saa 57, na huo ndio mgawanyo mbaya kuliko yote. Bora Hesabu ipewe saa tatu kwa wiki, Kiingereza saa tatu, na nne zinazobaki zizunguke kwenye yale mengine matano. Kiswahili cha mtu mzima kinahitaji kujua muundo wa maswali zaidi ya kukesha.

Kwa nini Kiingereza kipewe muda wote huo? Kwa sababu ndicho kinachoangusha masomo mengine. Shule ya msingi ulisoma kwa Kiswahili, na huku maswali ya Baiolojia, Jiografia na Historia yanakuja kwa Kiingereza. Mtu anayeuza dawa za mifugo miaka kumi anajua minyoo inavyoingia na kutoka kuliko mwalimu wake, lakini swali likimtaka atofautishe yeye anataja, likimtaka aeleze anaorodhesha. Maarifa anayo, alama hapati. Dawa yake haina uchawi: tengeneza daftari dogo la vitenzi vya maswali. Vitenzi 20 hivi vinatosha kuanzia, kila kimoja kikiwa na tafsiri yake na mfano wa jibu la mistari mitatu. Wiki mbili za mwanzo zitumike kwa hilo tu.

Hesabu nayo ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Pepa ya kidato cha nne, kwa mpangilio wa miaka ya karibuni, ina maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Alama 30 za kupata D ni maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika. Na mtu mzima ana mtaji hapa. Tuseme swali linataka Sh 600,000 zigawanywe kwa wabia watatu kwa uwiano wa 2:3:5. Mama anayecheza upatu atatoa jibu kichwani: 120,000, 180,000 na 300,000. Sawa, lakini akiandika majibu hayo matatu peke yake anatupa alama, kwa sababu msahihishaji anatafuta hatua: jumla ya sehemu ni 10, sehemu moja ni 600,000 gawanya kwa 10, yaani 60,000, kisha zidisha kwa 2, kwa 3, kwa 5. Uwiano, faida na hasara, takwimu, seti na hesabu za biashara ndiyo mada za kuanzia. Logi na trigonometria zisubiri hadi hizo zikae mkononi. Vituo vingi hufundisha kwa kufuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, na kufika mwezi wa sita darasa la Hesabu lina watu wanne.

Vifaa bora kabisa ni vya bure, na hilo vituo havitangazi. Kwenye tovuti ya Baraza kuna fomati za mitihani, maswali ya miaka iliyopita, na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi za mwisho ndizo dhahabu: zinaonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi, pamoja na picha za majibu mazuri na mabovu yaliyoandikwa kwa mkono. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Kabla ya kununua kitabu chochote cha mitumba uliza ni cha mtaala upi, maana mtaala ulioboreshwa wa 2023 unaingia kidato kimoja baada ya kingine, na baadhi ya masomo yamebadilika hadi jina.

Kuhusu mahali pa kusomea, kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, chombo cha serikali, ambayo inaendesha sekondari nje ya shule kwa hatua mbili: ya kwanza vidato viwili vya mwanzo, ya pili vidato viwili vya mwisho. Tungeanzia huko, hasa kwa wasichana waliokatizwa masomo, ambao wana mpango wao. Vituo binafsi vya jioni vinatofautiana kama mboga za gengeni. Usilipe mwaka mzima kabla ya kukaa kwenye vipindi viwili, kimoja kiwe cha Hesabu. Uliza mwalimu wa Kemia yupo au “anakuja”. Mwenye ndoto ya afya aulize pia kituo kitamwandaaje kwa upande wa vitendo. Pasipo hata bureti moja, ile mirija ya kupimia kemikali, ya kushika mkononi, unakariri maabara. Na atakayekunong'oneza kwamba pepa zitapatikana usiku, achana naye hata kama darasa lake lina viyoyozi. Matokeo yakifutwa, unarudi ulikoanzia, tena na jina lililochafuka.

Kwa ujumla tunaipa njia hii nne kati ya tano. Pointi moja tumeikata kwa sababu ya kalenda. Matokeo ya Novemba hutoka Januari, mara nyingi kuelekea mwishoni, na dirisha la ada ya kawaida hufungwa Februari 28. Aliyefaulu QT ana kama wiki nne tu za kupata namba rejea, kutafuta Sh 50,000 na kuchagua masomo ya kidato cha nne. Fedha hiyo iwekwe pembeni tangu Desemba.